Nani Ampishe Nani

Mimi ni mtu wa milimani. Nilizaliwa kwenye vilima vya kusini, kwa wakulima wa korosho na mihogo, na mpaka natimiza miaka ishirini na miwili sikuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Watu wakisikia kwamba nilikuwa bibi samaki, afisa uvuvi wa serikali, katika delta ya Rufiji hudhani nilikulia pwani. Nilisomea uvuvi kwa sababu nafasi za kilimo zilikuwa zimejaa. Chuoni, siku za kuogelea, nilikuwa nasingizia homa. Siku nilipopewa barua ya kwenda kufanya kazi visiwani nililala bila kula.

Zilikuwa zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Pale Kibiti barabarani maduka yalikuwa yamejaa mitumba, redio na sabuni za kunukia ambazo miaka michache kabla tulikuwa tunazisikia tu. Huko delta ruksa ilikuja na injini. Wanunuzi wa kambamiti walitoka Dar es Salaam na boti za faiba zenye mashine nyuma na masanduku ya barafu ndani. Na nje, pale mito inapoingia baharini, zilikuja meli zenyewe za kuvua kambamiti, zile zinazoitwa trola, zikikokota nyavu asubuhi hadi jioni karibu kabisa na pwani.

Ofisi ya wilaya, wakati ule ikiwa Utete, ilitaka kujua wenyeji wana vyombo gani na vina ukubwa gani. Nikapewa futikamba, daftari, kopo la rangi nyeupe la kuandikia namba na kijitabu cha sheria za vyombo majini. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza.

Nilipangiwa kukaa Maparoni, kwa mama mmoja mjane aliyelima mpunga. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kunichukua, akiwa na mtumbwi na pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia kwenye maji mafupi. Nilipoweka mguu mmoja ule mtumbwi ukayumba, nikapiga kelele, nikaukamata ukingo kwa mikono yote miwili.

"Usiushike," alisema. "Ukiushika ndiyo unauyumbisha. Weka mikono mapajani, mwanangu, ukae kama uko msibani."

Nikakaa hivyo kwa saa tatu. Mikoko ilikuwa imesimama pande zote mbili, mizizi yake imetoka kwenye tope kama vidole, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, huoni chini. Kila kitu kilichotumbukia majini nilikidhani mamba. Yule mama alikuwa akisukuma na kuvuta pondo bila haraka. Kila tulipofika mahali mto unapopinda alikuwa akiita kwa sauti ndefu, "Napandaaa," kisha ananyamaza kusikiliza. Mara moja ikajibu sauti ya mwanamume kutoka nyuma ya mikoko, "Nashukaaa." Mama akausogeza mtumbwi kwenye mizizi, akashikilia. Ikatokea mashua imejaa boriti, inashuka na maji ya kupwa, ikatupita karibu kiasi cha kugusa.

Nikamwuliza kwa nini ni sisi tuliopisha.

"Yeye anashuka na ana mzigo. Hawezi kusimama. Mimi naweza."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao yote. Anayeweza kusimama humpisha asiyeweza. Wakati ule niliisikia kama neno la mwanamke mkulima tu, sikuiandika popote.

Kazi ya kupima ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, na si kwa sababu ya vipimo. Mitumbwi ilikuwa gogo moja lililochongwa, ya mtu mmoja au wawili, mita nne, mita tano. Ngalawa nayo ni gogo, lakini ina tanga, na pande zote mbili ina matengo, zile mbao zinazogusa maji ili isipinduke. Mashua ndizo zilizoundwa kwa mbao, kubwa, za kubeba boriti na watu. Wenyewe hawakuhesabu mita. Ukimwuliza mtu chombo chake kina ukubwa gani atakwambia, "Huu tunauvuta pwani watu wawili," au, "Ile mpaka wapatikane kumi na mbili." Lakini wengi hawakutaka nipime. Walijua kinachoandikwa leo kesho kinalipiwa kodi, na usiku vyombo vikahamishiwa kwenye vijito ambavyo mimi nisingefika. Mwanamke mmoja alinitazama nikinyoosha futikamba juu ya mtumbwi wa mumewe, akauliza taratibu, "Huku kwetu anayepimwa urefu ni maiti. Wewe unampima nani?"

Nilikuwa naogopa maji, na wao walikuwa wananiogopa mimi. Nilikuwa nikipita njiani mazungumzo yanakatika. Nyumbani kwa yule mama tu ndiko nilikopata mtu wa kuongea naye, yeye na kaka yake, nahodha wa ngalawa, mtu wa makamo, mkimya, mwenye mikono mipana. Nilimwita mjomba. Yeye alikubali ngalawa yake ipimwe ya kwanza, mita sita na nusu, akanishikia ncha ya futi.

Kisha boti moja ya faiba ikampindua mwanamke aliyekuwa anatoka shambani na mpunga wake. Alikuwa ameita kwenye kona kama kawaida, lakini mwenye injini hasikii mwito. Mwanamke aliokolewa, mpunga ulikwenda na maji. Kijiji kikachemka. Wakaja kwa mama kuniuliza: serikali inasemaje? Ina sheria au haina?

Nikakesha na kile kijitabu na kamusi, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. Nikakuta mahali ilipoandikwa kwamba chombo kinachokwenda kwa injini kitakipisha chombo kinachokwenda kwa tanga. Nikaisoma mara tatu. Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Chini yake kulikuwa na mistari mingine, mirefu, yenye maneno ambayo sikuyapata kwenye kamusi yangu ndogo, nikaiacha.

Siku ya pili walikusanyika kwenye banda la kuchemshia kambamiti, wanaume mbele, wanawake nyuma. Nikawasomea kwa Kiswahili. Injini inapisha tanga. Wakaanza kucheka kwa furaha, wakageukiana, wakanipigia makofi. Ilikuwa mara ya kwanza watu wale kunitazama usoni.

Mjomba akasimama. "Hata zile meli kubwa za nje?"

Kijitabu nilikuwa nacho mkononi. Ningeweza kusema ngoja nisome zaidi. Lakini makofi yalikuwa bado yananiwasha masikioni.

"Hata meli kubwa," nikasema. "Injini ni injini."

Tangu siku hiyo waliniita mwalimu, na vyombo vilivyokuwa vimefichwa vikatolewa nivipime.

Kama majuma matatu baadaye nilihitaji kwenda kwenye dago, kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa cha mwisho karibu na bahari, kuna vyombo vilivyokuwa bado sijavipima. Mjomba alikuwa anakwenda kuinua nyavu zake upande uleule, akasema atanipeleka. Tulikuwa watatu, yeye kwenye usukani, mkwe wake mbele, na mimi katikati, mikono mapajani. Tulitoka asubuhi, mvua ikiwa imekatika na mawingu bado yako chini. Tulipotoka kwenye mikoko upepo ukatupata kwa ubavu, ngalawa ikainama, tengo moja likazama na jingine likainuka hewani likichuruzika maji. Nilisoma dua zote nilizozijua. Mjomba aliniona midomo inavyocheza, akasema, "Inalala tu, mwalimu. Haifi."

Mvua ikarudi. Haikuwa kubwa, lakini ilifunga kila kitu, tukawa tunaona umbali wa kurusha jiwe tu. Nilisikia mngurumo kabla ya kuona chochote. Nilidhani radi, ila haukukatika. Mvua ilipopungua, ilikuwa pale.

Sijui niielezeje. Nilikuwa nimekaa miezi nikipima vitu vya mita nne na mita sita, na jicho langu lilikuwa limezoea. Hii ilikuwa mita ishirini na tano, pengine zaidi, ya chuma, imeshika kutu kuanzia puani. Ilikuwa imetandaza mikono miwili ya chuma, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kutoka kwenye ncha za mikono ile zilishuka nyaya zilizokazika mpaka majini nyuma yake. Ilikuwa inakuja polepole. Ndicho kilichonidanganya, ule upole wake. Niliona tuna nafasi.

Mkwe aligeuka. "Baba, tupishe?"

Mjomba alinitazama mimi. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu.

"Mwalimu. Huyu ndiye anayepaswa kutupisha, siyo?"

Nimekuwa nikilirudia swali hilo maisha yangu yote. Mwili wangu wote ulikuwa unasema tugeuke, tukimbie, turudi kwenye mikoko. Lakini niliogopa pia kitu kingine: niliogopa kuonekana naogopa, baada ya kusimama bandani na kusema injini ni injini.

"Ndiye," nikasema.

Mjomba akashikilia usukani vilevile.

Meli ikapiga honi, mlio mmoja mrefu. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani inasema imetuona, inageuka. Tukasubiri pua yake igeuke. Haikugeuka. Nikaanza kuona vitu vidogo vidogo: tairi lililoning'inia ubavuni, beseni la buluu, mtu mwenye koti la mvua la njano aliyekuwa anapunga mikono yote miwili kutufukuza. Mkwe akapaza sauti, "Baba, geuza, geuza sasa," na mjomba akaukumba usukani kwa mwili wake wote.

Tuliukwepa mwili wa meli. Mkono wake hatukuukwepa. Ulipita juu yetu, mlingoti ukaugonga na kukatika kama muwa, tanga likaniangukia. Sikuona kilichofuata, nilikisikia tu. Kulikuwa na mlio wa chuma kikikwaruza mti, kisha mjomba akatoa sauti ambayo sikujua mtu mzima anaweza kuitoa. Waya ulikuwa umelikamata tengo, ukalikunja, na mkono wa kulia wa mjomba ukabanwa katikati ya tengo na ngalawa. Kisha tengo likavunjika, waya ukapita, na sisi tukapinduka.

Chini ya maji palikuwa na giza la kahawia. Tanga lilikuwa limenizunguka. Nilimeza maji, nikapiga teke, nikashika nguo tupu kila upande. Niliwaza jambo moja tu, na si la dini wala la nyumbani. Niliwaza, kumbe ni hivi. Halafu mkono ukanishika nywele ukanivuta juu. Alikuwa mkwe. Akaniweka kwenye kipande cha tengo, akaniambia nisikiachie, akarudi kumtafuta baba mkwe wake.

Meli haikusimama hapohapo. Kwa muda mrefu nilisema kwamba ilituacha tufe, lakini nikiwa mkweli niliiona ikipunguza mwendo huko mbele, na yule wa koti la njano akatupa boya, likaanguka mbali mno. Ilikuwa na nyavu nzito chini, haikuweza kugeuka. Mvua ikaifunika. Tukabaki sisi watatu na gogo lililolala kifudifudi, maji ya kupwa yakitupeleka nje.

Mjomba alikuwa amelazwa kifua juu ya gogo, mkwe amemkumbatia kwa nyuma. Mkono ulikuwa umekaa vibaya. Hakuwa analia tena. Sijui tulikaa muda gani, lakini nakumbuka mstari wa mikoko ulivyokuwa unazidi kuwa mwembamba, na nilivyokuwa nikijizuia nisiangalie.

Tuliokotwa na mashua ya boriti iliyokuwa inatoka mtoni. Ilikuwa inashuka na kupwa, imejaa, chombo ambacho kwa desturi hakisimami kwa ajili ya mtu. Walitupa boriti zao majini, nyingi sana, mpaka ikawa nyepesi ya kutosha kugeuzwa, wakatufuata. Wakapoteza mzigo na wakapoteza maji ya kupwa ya safari yao. Hakuna hata mmoja aliyetuambia lolote juu ya hilo.

Mjomba alipelekwa hospitali, siku nzima ya njia. Mimi nikaenda Utete kuandika taarifa. Niliandika kurasa nne kwa hasira. Nilieleza kutu, honi, mikono ya chuma, umbali kutoka pwani. Niliandika kwamba meli ya injini ilikataa kukipisha chombo cha tanga kinyume cha sheria, nikataja ukurasa.

Mkuu wangu alikuwa mzee mpole wa miwani, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Alisoma zote nne. Kisha akavuta droo, akatoa kijitabu kama changu.

"Nyavu zake zilikuwa majini?"

"Ndiyo, mzee. Nyaya zilikuwa zimekazika."

"Na ninyi mlikuwa mmeshusha nyavu?"

"Hapana. Tulikuwa safarini."

Akakifungua, akageuza kwangu, akaweka kidole chini ya ile mistari mirefu niliyoiruka. Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Chombo cha injini kinakipisha cha tanga. Lakini chombo cha tanga nacho kinakipisha kile kilicho katika kazi ya kuvua, chenye nyavu zinazokizuia kugeuka. Na hata mwenye haki ya njia, akiona mwenzake hapishi, lazima aepuke mwenyewe.

"Pengine ilikuwa imesogea mno pwani," alisema. "Hilo tutaliuliza. Lakini kupisha, binti yangu, mlipaswa kupisha ninyi."

Nikakaa bila kuambiwa nikae. Alinipa maji, akasema taarifa naweza kuiandika upya kesho. Hakuniuliza kama nilikuwa nimemwambia nahodha kitu. Angeniuliza ningejibu. Hakuuliza, na katika taarifa mpya niliandika kila jambo isipokuwa hilo.

Kurudi Maparoni kuliniogopesha kuliko kule kuzama. Kibiti nilisubiri gari la kwenda pwani siku mbili, na magari mawili niliyaacha makusudi yakaondoka. Nilifikiria kuomba uhamisho. Nilifikiria kwamba nani atajua. Kijitabu ni cha Kiingereza, na anayekisoma kule ni mimi peke yangu. Wazo hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Gari la tatu nikapanda.

Mjomba alikuwa amesharudishwa, mkono umefungwa ubao, amekaa barazani kwa dada yake. Nilimwamkia, akaitikia. Nikawaambia wote wawili kwa pamoja nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Niliwaambia mstari ule ulikuwepo, niliuona, sikuuelewa, nikauacha. Niliwaambia kwamba meli ndiyo iliyokuwa na haki.

Yule mama aliinuka akaingia ndani. Tukabaki mimi na mjomba. Alikuwa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Nimeanza kushika usukani kabla hujazaliwa," alisema baadaye. "Macho yangu yaliniambia pisha. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilitaka mtu aniambie nisipishe. Tumepisha sana miaka hii, mwalimu. Nilichoka."

"Lakini mimi ndiye niliyesema ndiye."

"Ulisema. Sikatai."

Sikusikia neno la kunisamehe siku ile, na si kwamba alikosa nafasi ya kulisema. Mama alikaa siku mbili bila kuongea nami. Alikuwa akiniwekea chakula, anafunika, anaondoka. Siku ya tatu alinituma kisimani kama zamani, nikalia njia nzima.

Kisha nikaomba watu wakusanyike tena. Nilisoma ukurasa wote, na palipokuwa pagumu nilisema pagumu, nikasoma tafsiri aliyoniandikia mkuu wangu. Nilipofika kwenye kosa langu sauti ilishuka kiasi kwamba mmoja wa nyuma aliomba nirudie. Nikarudia. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wengine waliondoka, na wengine hawakunisalimu tena mpaka nahama. Yule mwanamke aliyeuliza nampima nani alibaki. Akataka kujua, mtu akiiona meli kwa mbali, atatambuaje kama nyavu zake ziko chini. Nikachukua kipande cha mkaa nikachora kwenye sakafu: mikono imeinuliwa, mikono imetandazwa, nyaya zimelegea, nyaya zimekazika. Wavuvi wakasogea, wakaanza kunisahihisha mchoro. Wao walikuwa wameziona meli zile mara nyingi kuliko mimi.

Mkono wa mjomba uliunga umepinda. Vidole viwili havikufunga tena. Hakurudi kwenye nyavu za nje. Ngalawa mpya aliiunda mkwe wake, na yeye akabaki kwenye mitego ya vijitoni, akisukuma pondo kwa mkono wa kushoto. Nilikaa delta miaka miwili zaidi. Nilijifunza kuogelea, mama akiwa amekaa ukingoni na khanga yangu, kwenye maji ya kiuno. Mpaka leo sijaacha kuogopa. Nikiwa kwenye chombo chochote huwa namtazama anayeendesha, naangalia macho yake yanatazama wapi, na nikiulizwa jambo nisilolijua nasema sijui, hata mbele ya watu.